Ukipunguza Milinganyo ya Mtiririko, Usisahau Mizunguko Midogo

Kila ninapowasaidia vijana wa hapa Moshi wanaotaka kuiga kwa kompyuta mwendo wa maji yenye msukosuko, huwasihi waanze kwa kupima mfongo (mfereji wa jadi wa umwagiliaji) ulio jirani kabla ya kufungua programu yoyote. Maji yenye kina cha sentimita 30 yakienda nusu mita kwa sekunde, namba ya Reynolds, inayolinganisha msukumo wa mwendo wa maji na mnato wake (ukinzani wa maji dhidi ya kutiririka), hufika 150,000 hivi, ilhali ndani ya bomba msukosuko huweza kuanza namba hiyo ikiwa elfu mbili na kidogo tu. Kwa nadharia ya msukosuko ya mwanahisabati Kolmogorov ya mwaka 1941, idadi ya nukta za kukokotoa hukua kwa kipeo cha 9/4 cha namba hiyo, yaani takriban bilioni 400 kwa mfongo mmoja, mzigo usiobebeka kwa kompyuta ya mezani.

Kwa hiyo hatuna budi kupunguza idadi ya milinganyo. Njia ninayoipendelea ni ile aliyoipeleka mtafiti John Lumley katika utafiti wa msukosuko mwaka 1967: vipimo vya kasi huchambuliwa ili yapatikane maumbo machache ya mtiririko yanayobeba sehemu kubwa ya nishati, kisha milinganyo ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa maji, huandikwa upya kwa maumbo hayo peke yake.

Hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa. Nishati huingia kupitia mizunguko mikubwa, ikashuka hadi midogo, na huko mnato ukaigeuza kuwa joto. Ukiitupa midogo, yaani maumbo yake madogo, kwa sababu nishati yake ni haba, umeondoa njia ya kutokea, na kama mfereji uliozibwa chini unavyofurika juu, modeli hulimbikiza nishati mpaka kasi zake zikapanda kupita kiasi. Ongeza mnato wa kufidia, mkubwa zaidi kwa maumbo madogo, na kiasi chake kitokane na vipimo, kisibuniwe.

Katika kuijaribu modeli, tumia vipimo ambavyo haikujengwa kwavyo. Usiidai ifuate kila sekunde ya maji halisi, kwa kuwa mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha mwaka 1963, kwa milinganyo mitatu tu, jinsi tofauti ndogo ya mwanzo inavyokua. Linganisha wastani wa kasi na mgawanyo wa nishati. Maumbo yaliyopatikana wakati wa kiangazi hayatoshi kueleza maji ya masika, hivyo pima misimu yote miwili kabla ya kuchagua utakayoyabakiza.