Kisima jirani na karakana ya kromu: kuchemsha hakusaidii, na pampu yako inaweza kuzidisha

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kisima chako kilichopakana ukuta kwa ukuta na iliyokuwa karakana ya kupaka kromu kinaweza kusafishwa, na kama kwa sasa uchemshe maji ndiyo unywe. Naanza na la pili. Usiyanywe. Moto unaua wadudu, kromu haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki sufuriani, tena nzito kuliko mwanzo. Vidonge vya klorini navyo haviiondoi.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye karakana ya aina hiyo hapa Dar, jina naliacha. Tulikuwa tunapaka bampa, rimu za pikipiki na fimbo za haidroliki. Beseni la kromu lilichimbiwa sakafuni na lilikuwa linapashwa moto. Kila Jumatatu tunakuta limepungua vidole viwili. Tunaongeza maji, tunaongeza asidi ya kromu, tunaambiana ni mvuke. Siku tulipoling'oa tukakuta zege la chini limeliwa, unachomeka bisibisi inazama. Tukachimba mita moja, udongo wa njano. Mita mbili, njano. Mzee mmoja wa pale akacheka kwa uchungu: "Kumbe mvuke wetu ulikuwa unashuka chini."

Kromu ina maumbo mawili hapa, kromu 6 na kromu 3, na inayosumbua ni kromu 6. Inayeyuka vizuri majini, na chaji yake ni hasi kama ya udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo udongo hauishiki. Inasafiri na maji. Ikigeuzwa kuwa kromu 3 na maji yasiwe na uchachu, inaganda na kutulia. Usafishaji karibu wote ni kuifanya 6 iwe 3.

Sisi tulipoanza kusafisha tulivuta maji kwa visima viwili mpaka kwenye tenki. Kwanza tindikali ya salfuriki hadi pH, yaani kipimo cha uchachu, ifike kama 2 na nusu, halafu sodiamu metabaisalfaiti ya kuigeuza 6 iwe 3, yenye harufu ya kiberiti inayokaba koo. Hapo unaona kwa macho: maji ya njano yanageuka kijani hafifu ukiyatazama. Kisha chokaa hadi pH 8 na nusu, tope la kijani linazama, maji maangavu yanabaki juu. Tope hilo ni taka hatarishi, halimwagwi shimoni. Na kama karakana ilikuwa inapaka zinki au shaba kwa sianidi, mtu asiguse tindikali kabla sianidi haijaondolewa. Gesi yake inaua mtu akiwa amesimama.

Miezi ya mwanzo vipimo vilishuka, tukajipongeza. Kufika mwezi wa tisa vikagoma. Pampu ikazimwa wiki sita kwa matengenezo, tulipoiwasha njano ikarudi kama vile hatujafanya kitu. Tulikuwa tunafua maji huku udongo wa chini ya beseni ukiendelea kuyachafua. Tajiri hakutaka kuvunja sakafu, na mpaka leo naamini fedha ya pampu ingeanzia hapo.

Ziko njia za kutibu chini kwa chini. Elizabeth City, North Carolina, kwenye kituo cha walinzi wa pwani wa Marekani, karakana ya kromu ilivujisha kwa miaka mingi. Mwaka 1996 wakachimba mtaro mbele ya maji machafu na kuujaza chenga za chuma: urefu mita 46, kina mita 7.3, unene mita 0.6. Maji yanapita yenyewe bila pampu, chuma kinaigeuza kromu, na ng'ambo ya pili vipimo havikuiona tena. Kwingine Marekani wamesukuma molasi ardhini: bakteria wanakula sukari, oksijeni inaisha, kromu 6 inageuka. Sisi molasi tunawapa ng'ombe na wapika gongo.

Kwa hiyo kinasafishika, ila si kazi ya mwenye kisima, ni ya mwenye kile kiwanja. Wewe zima pampu kwanza. Ukivuta maji mengi unayaita ya jirani yaje kwako, na kuoga nayo pia acha. Kisha peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Omba kromu yote, kromu 6, nikeli, sianidi, na trikloroethilini, ile dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Kikomo cha WHO cha kromu ni miligramu 0.05 kwa lita, na kwa kiwango hicho maji ni maangavu kabisa. Kama yako yana njano ya kuonekana na ni ya kromu, umeshakivuka mbali. Majibu yakikuambia kuna kitu, yapeleke NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Ukiyapata yaweke hapa, pamoja na kina cha kisima na mteremko unakoelekea. Nitakusaidia kuyasoma.