Mfereji wa kati wa uti wa mgongo: namna ya kuusoma kwenye slaidi

Ukiwekewa slaidi ya uti wa mgongo (ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo), anza na lenzi ndogo na uende moja kwa moja katikati. Kwa miaka niliyokaa maabara na wanafunzi wa udaktari na wa tiba ya mifugo, naona wengi wanakimbilia pembe za mbele, kwenye zile seli kubwa za neva za mwendo, halafu mfereji wa kati wanaumaliza kwa maneno matatu: "tundu lenye maji". Maji yapo, lakini ukiishia hapo umeacha sehemu tamu kuliko zote.

Mfereji huu ni mabaki ya uwazi wa mrija wa neva, ule unaojijenga kiumbe kikiwa bado kiinitete. Juu unafungukia kwenye ventrikali ya nne ya ubongo (chumba chenye maji), chini unafika karibu na ncha ya uti na kupanuka kidogo. Kwenye mkato utaukuta ndani ya kile kistari kinachounganisha miguu miwili ya herufi H ya maada ya kijivu, ile sehemu ya ndani yenye seli za neva. Kwa binadamu haukai katikati kabisa kwa urefu wote: shingoni na kifuani umesogea mbele kidogo, kiunoni uko katikati, kwenye ncha umerudi nyuma. Na mbele ni wapi? Tafuta ufa mpana unaoingia ndani. Upande wa nyuma hakuna ufa wa namna hiyo, kuna utando mwembamba tu.

Sasa panda hadi lenzi ya 40. Ukuta wa mfereji ni seli za ependima, nyingine za mchemraba, nyingine ndefu na nyembamba. Viini vyake vimesongamana na havikai kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ukitazama kwa haraka utadhani kuna matabaka mawili au matatu. Ni tabaka moja. Cheza na fokasi taratibu, na slaidi ikiwa nzuri utaona ukungu wa waridi kwenye ukingo wa ndani: hizo ni silia, vinywele vidogo vya seli, zinazosaidia kusukuma maji. Chini ya seli hizi usitafute utando wa msingi, ule mwembamba unaokalia seli, kama wa epithelia nyingine (tishu zinazofunika nyuso za mwili). Baadhi ya seli za ependima, hasa upande wa mbele na wa nyuma wa mfereji, zina mikia mirefu inayozama moja kwa moja kwenye tishu ya neva. Eneo linalozunguka mfereji ndilo tabaka la X (la kumi) katika mpangilio wa matabaka 10 ya maada ya kijivu ambao mwanaanatomia Bror Rexed aliuchora kutoka kwa paka mwaka 1952.

Swali ninaloulizwa kila muhula ni hili: nitajuaje kwamba huu si mshipa wa damu? Angalia kinachounda ukuta. Mshipa una seli bapa, viini vyake vimelala, na mara nyingi ndani kuna chembe nyekundu za damu. Mfereji una viini vingi vilivyosimama, na ndani hakuna damu isipokuwa tishu imeumizwa.

Kabla hujaandika jibu, uliza slaidi ni ya mnyama gani. Hapa ndipo michoro mingi ya darasani inapowaonea wanafunzi, maana inachora tundu duara, safi, kwa kila mamalia. Kwa panya mfereji unabaki wazi hadi uzeeni. Kwa binadamu mtu mzima, mara nyingi umeziba, na unachokuta ni fungu la seli za ependima lililojikusanya, pengine na vijitundu viwili vitatu visivyo na mpangilio. Si ugonjwa, wala slaidi haijaharibika. Kwa ng'ombe au panya unaweza kukuta nukta ndogo ya waridi ikielea ndani ya mfereji. Usiseme ni uchafu. Ni uzi wa Reissner, aliouelezea Ernst Reissner mwaka 1860, unaotoka kwenye tezi ndogo ya ubongo na kushuka ndani ya mfereji. Binadamu mzima hana.

Zipo pia seli za neva zinazochungulia ndani ya maji yenyewe, kwa kichwa kidogo kinachopenya kati ya ependima. Mtafiti Kolmer aliziandika mwaka 1921, na mwenzake Agduhr mwaka 1922. Kwa rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini ni vigumu kuzitenga, kwa hiyo usijilazimishe kuziona.

Anayeuliza haya yatamsaidia nini wodini, ampe muda mgonjwa wa siringomielia, yaani uwazi wenye maji ndani ya uti. Uwazi unapojitokeza na kupanuka katikati ya uti, nyuzi za maumivu na joto zinazovuka mbele ya mfereji ndizo zinazoumia mapema. Mtu anashika sufuria ya moto, mkono unaungua, hasikii, ilhali mguso wa kawaida bado anausikia. Ukishaujua mkato huu kwa macho yako, hutahitaji kukariri dalili hiyo.

Na kama unatengeneza slaidi zako mwenyewe, uti wa mbuzi kutoka machinjioni unafaa sana, ila wahi. Ependima huanza kubanduka mapema na kuangukia ndani ya mfereji, na hapo utaona vifusi vya seli usivyoweza kuvieleza. Pasua utando mgumu wa nje, kata vipande vifupi vya takriban nusu sentimita, vitie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyo nyingi kuliko tishu. Ukikata kwa mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba sana) unene wa mikroni 5 unatosha, na weka alama ya upande wa mbele kabla ya kuzamisha kipande kwenye nta.