Hiyo siyo hirizi, ni medali ya Mtakatifu Kristofa

Mkuu mleta mada, nimezikuza picha zako kadiri simu yangu ilivyoruhusu. Kwa watakaochelewa kufika kwenye uzi: jamaa amekuta kidude cha duara kwenye mfuko wa ndani wa jaketi la mtumba, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, kimefubaa mpaka cheusi. Mbele kuna mtu mwenye fimbo amebeba mtoto, nyuma kuna gari la kizamani, pembeni kuna maandishi yaliyolika. Mama mwenye nyumba kamwambia ni hirizi, akitupe chooni kabla hakijamletea balaa.

Usikitupe. Hiyo ni medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, na kwa maandishi yale imetoka kwa watu wanaosema Kifaransa.

Nasema hivyo kwa kuwa vitu hivi nimeishi navyo. Nilikuwa utingo kwenye malori ya Dar kwenda Lubumbashi, na baadaye nikakaa miaka kadhaa kwenye duka la vifaa vya ibada la parokia. Barabarani nilimwona Kristofa kila aina: madereva wa Kongo wanaye wa Kifaransa, wa Zambia wanaye wa Kiingereza, mwingine kamgandisha kwa sumaku kwenye dashibodi, mwingine kamning'iniza pamoja na rozari kwenye kioo. Dukani nako kila baada ya muda mtu alikuja na medali kaifunga kwenye karatasi, anaifungua kwa ncha za vidole kama vile ameshika nge, anauliza, "Hii ni ya kwetu au ni ya wale?"

Kitu cha kwanza ninachoangalia ni mtoto amekaa wapi. Wengi hukosea hapa, maana watakatifu wanaobeba mtoto ni kadhaa. Mtakatifu Antoni wa Padua anampakata mkononi, amevaa kanzu ya kitawa na mara nyingi ana ua la yungiyungi. Mtakatifu Yosefu naye anampakata, naye hupewa ua lilelile, ila ni mtu mzima mwenye ndevu na joho. Kristofa mtoto anakaa begani. Halafu tazama miguu: utaona mistari ya mawimbi, kwa sababu yuko mtoni anavuka. Fimbo yake si bakora, ni mti mzima, na kwenye medali nzuri juu yake kuna majani. Picha yako ina karibu vyote hivyo. Majani sikuyaona vizuri, lakini bega na maji vinatosha.

Maandishi sasa. Kwenye picha ya kwanza nimesoma "TOPHE ET VA T'EN RAS", basi. Anayezijua hizi medali anamalizia mwenyewe: "Regarde St Christophe et va t'en rassuré", yaani mtazame Mtakatifu Kristofa, kisha nenda zako bila hofu. Za Kiingereza huandikwa "Saint Christopher protect us", za Kijerumani "Heiliger Christophorus schütze uns", zote mbili zikimwomba atulinde. Ukitaka kuhakikisha, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu ukiilaza pembeni kabisa ya medali, si juu yake. Herufi zilizolika zitatupa kivuli. Au weka karatasi nyembamba juu yake, sugua penseli ukiwa umeilaza. Dukani nilipenda ya penseli kwa sababu mwenye kitu anaona herufi zinatokea moja moja mbele ya macho yake, na ile hofu aliyokuja nayo inaanza kupungua kabla hata sijafungua mdomo.

Kisa chenyewe, kwa kifupi: Kristofa anasimuliwa kuwa jitu la miraba minne lililokuwa likivusha watu mtoni kwa mabega. Siku moja kavusha mtoto mdogo, na kila hatua mtoto anazidi uzito mpaka jitu likadhani linazama. Kufika ng'ambo, mtoto akajitambulisha kuwa ni Kristo, na kwamba alichobeba begani ni dunia pamoja na aliyeiumba. Fimbo ikapandwa ardhini, ikachipua. Hiyo ni hadithi ya kale, na Kanisa lenyewe halikulazimishi kuiamini neno kwa neno. Kinachoheshimiwa ni shahidi wa karne za mwanzo, aliyeuawa kwa ajili ya imani.

Huko Ulaya zamani watu walishika imani kwamba ukiiona picha ya Kristofa asubuhi, siku hiyo hutakufa kifo cha ghafla bila kujiandaa. Kwa hiyo alichorwa mkubwa kweli kwenye kuta za makanisa, mara nyingi kuelekea mlangoni, ili hata mpita njia mwenye haraka achungulie, amwone, aendelee na safari. Ndiyo maana maneno ya medali yako yanaanza na "mtazame". Magari yalipoingia, wenye magari wakamchukua. Kuna kijiji cha Normandy huko Ufaransa, Saint-Christophe-le-Jajolet, ambako tangu 1912 watu hupeleka magari yao kubarikiwa. Gari lililo nyuma ya medali yako limetokana na mkondo huohuo, na linakupa umri pia: ni kitu cha karne ya 20, si hazina ya kale.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mama mwenye nyumba, kwa heshima zote. Hirizi tunazijua. Hushonwa kwenye ngozi au kitambaa, hufungwa kiunoni au mkononi chini ya nguo, na ukiifungua watakwambia imeharibika. Hii imetengenezwa wazi pande zote mbili, ina jina la mwenye picha na maelekezo kwamba itazamwe. Huwezi kuitumia ukiwa umeificha.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema tofauti hakuna, chuma ni chuma. Nakubali kwamba wapo Wakatoliki wanaoigeuza hirizi. Nimepanda na dereva aliyekuwa anabusu Kristofa wake halafu anateremka mteremko mkali wa Kitonga gari likiwa huru, bila gia. Hiyo Kanisa linaiita ushirikina, na Katekisimu, kitabu cha mafundisho yake, imeandika waziwazi. Medali iliyobarikiwa ni kisakramenti, yaani alama takatifu ya Kanisa: inakukumbusha kusali, haishiki breki. Na tamaa ya kusafiri salama si ya Wakatoliki peke yao, ndiyo maana mabasi yetu yamejaa stika za dua ya safari na za zaburi.

Mwingine ataleta hoja kwamba Kristofa alifutwa. Hakufutwa. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alipopanga upya kalenda ya liturujia, sikukuu yake ya Julai 25 iliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima, ikaachwa kwa majimbo na mahali wanapoitaka. Jina lake bado lipo kwenye orodha rasmi ya mashahidi. Siku hiyohiyo ni ya Mtakatifu Yakobo Mtume, naye ni wa mahujaji, kwa hiyo wasafiri hawakuachwa yatima.

Kuhusu madini: weusi ule unaonyesha fedha, au kitu kilichopakwa fedha. Usiweke Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, wala usisugue kwa majivu kama sufuria. Itang'aa, ndiyo, lakini utaondoa na yale maandishi machache yaliyobaki. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini, basi. Sumaku ikiinasa, si fedha, ila isipoinasa usishangilie, kwa kuwa alumini na shaba nazo hazinasi. Medali nyingi za kuuzwa kwa mahujaji ni alumini, nyepesi mno mkononi. Chapa ndiyo inayosema: 800 au 925 ni fedha, "Italy" peke yake ni mahali ilipotengenezwa tu. Kwa ya Kifaransa, angalia kile kipete cha juu kinapopita mkufu. Wafaransa hugonga chapa ndogo sana, picha ya kaa yule wa baharini kwa kifaa kidogo cha fedha, kichwa cha tai kwa dhahabu. Bila lenzi ya sonara utadhani ni mkwaruzo.

Kwa wengine mnaopekua mitumba, hata ile yenye 1830 msiikimbilie. Ni ile ya Bikira Maria iitwayo medali ya miujiza, mwaka huo ni wa maono ya mtawa Katarina Labouré kule Paris, na hata iliyotengenezwa juzi inao. Ile inayoogopwa kuliko zote, yenye msalaba na herufi V R S N S M V zimezunguka, ni ya Mtakatifu Benedikto. Herufi hizo ni za mwanzo za maneno ya Kilatini yanayomfukuza Shetani, na bado ndiyo inayopelekwa kwa watu wa maombi ichomwe!

Thamani ya sokoni ni ndogo, kwa hiyo atakayekufuata inbox na ahadi ya mamilioni ujue ni tapeli. Ukiwa Mkatoliki, mpelekee padre aibariki, uivae au uiweke kwenye gari. Kama si Mkatoliki na huitaki, mpe jirani anayesali, au iache ofisi ya parokia yoyote, hawatakuuliza maswali. Ikishindikana kabisa, vitu vilivyobarikiwa huzikwa ardhini mahali pasipokanyagwa, havitupwi chooni.

Ukipata nafasi piga picha ya kile kipete, tochi ikiwa pembeni, uiweke hapa. Nikiona kaa nitakwambia.