Halali ya wapi? Maswali yenu kuhusu bangi

Maswali ya wiki hii karibu yote yananukia jani. Nimechagua sita. Yale ya "naipata wapi" nimeyatupa.

Kijiweni tunabishana. Mwenzetu anasema Umoja wa Mataifa umeshahalalisha bangi, ila tunafichwa. Ni kweli? (Dereva wa bajaji, Mbagala)

Si kweli kaka, ingawa mwenzako hajatunga yote. Tarehe 2 Desemba 2020, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne, orodha kali zaidi ya Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, ilikokuwa imewekwa pamoja na heroini. Waliotaka itoke walikuwa 27, waliokataa 25, mmoja hakupiga upande wowote. Lakini ilibaki Jedwali la Kwanza, yaani bado inadhibitiwa. Walionufaika ni madaktari na watafiti. Mvutaji wa Mbagala hakuambulia kitu.

Kinachowagombanisha ni hilo neno "kuhalalisha". Kila mtu analitumia kwa maana yake. Uruguay, ya kwanza duniani kwa sheria ya Desemba 2013, na Canada tangu Oktoba 2018, zimeruhusu mpaka kuuza, kwa leseni na masharti. Jamaica mwaka 2015, kwa mvutaji wa kawaida, ilipunguza adhabu: ukikutwa na kiasi kidogo unalipa faini ndogo na hufunguliwi rekodi ya jinai. Lesotho mwaka 2017 ilianza kutoa leseni za kulima kwa ajili ya dawa, na hiyo haimhusu mtu wa kijiweni. Uholanzi ambayo kila mbishi anaitolea mfano haijawahi kuihalalisha hiyo biashara. Kwa miaka mingi polisi wamefumbia macho migahawa inayouza gramu chache. Kabla hamjaendelea kubishana, muulizaneni kwanza: halali ya kuvuta, ya kuuza, ya kulima au ya kutibia?

Mimi ni rasta. Katiba inanipa uhuru wa kuabudu. Kwa nini nikamatwe kwa sakramenti yangu? (Msomaji, Kinondoni)

Ndugu yangu, hoja yako ilishafika mahakamani Afrika Kusini, na ilivyokwenda inafundisha. Garreth Prince, rasta aliyesomea sheria, alikataliwa kuandikishwa uwakili kwa sababu alishatiwa hatiani kwa bangi na akasema wazi ataendelea kuitumia. Alidai uhuru wa dini. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilikataa dai lake kwa kura 5 dhidi ya 4. Hakukata tamaa. Alirudi na wenzake wakiwa na hoja nyingine kabisa, kwamba mtu mzima anachofanya faraghani kwake hakiwahusu polisi. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama ileile ikakubali. Mlango wa dini ulifungwa, wa faragha ukafunguka. Na hata hivyo kuuza kulibaki kosa.

Kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimtofautishi rasta na asiye rasta. Mkiniuliza mimi, sioni faida ya kumrundika kijana wa kete mbili mahabusu moja na majambazi. Lakini maoni yangu hayajawahi kumtoa mtu rumande.

Malawi wanalima na kuuza nje. Nina heka mbili Mkuranga, kwa nini nisijaribu? (Mstaafu, Kimara)

Mzee wangu, shikamoo. Usijaribu. Kulima bangi hapa kwetu watu wamefungwa miaka 30. Sheria ya Malawi ya mwaka 2020 yenyewe inahusu bangi ya dawa na ya viwandani, si chamba, yaani bangi ya kuvuta. Inataka leseni, ulinzi, vipimo vya maabara na mnunuzi anayeeleweka. Hata Canada yenye mitaji yake, kampuni zilipanda kupita soko, zikaishia kufunga mabanda. Heka mbili weka mihogo au mikorosho, usiku ulale.

Nimesoma kwamba kamba za katani zinatokana na bangi. Ina maana Tanga walikuwa wanalima bangi? (Mwanafunzi, Ubungo)

Mdogo wangu, umenichekesha. Katani yetu ni nyuzi za mkonge, mmea ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ulaya nao walikuwa na kamba zao, zilizotoka kwenye jamii ya bangi isiyolewesha. Watafsiri wakaziita katani, mkorogano ukaanzia hapo. Juzi nilipita duka la kamba Kariakoo nikakatiwa mita mbili: rangi ya maziwa yaliyoungua, inachoma viganja, inanuka oili. Hata uivute yote, utaambulia kikohozi.

Nikifua nimekuta kijiti kwenye suruali ya shule ya mwanangu wa kidato cha tatu. Nimpeleke polisi? (Mama, Tabata)

Pole sana mama. Polisi, hapana. Na leo usimpige, maana ukianza na mkanda utasikia uongo tu. Subiri mkiwa wawili, kiweke mezani, kisha muulize alianza lini, anavuta na nani, na kama kuna siku alisikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Hili la mwisho usiliache, hasa kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili, kwa kuwa bangi ya utotoni inaongeza hatari hiyo. Akianza kukosa usingizi au kushuku kila mtu, mfikishe kliniki ya afya ya akili, Muhimbili ipo.

Majirani watakwambia apelekwe methadoni. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya watumiaji wa heroini. Kwa bangi tiba ni ushauri nasaha, na inachukua muda. Akikujibu kwamba "Canada ni ruksa", mwambie huko aliye chini ya miaka 18 hauziwi, na Quebec walipandisha mpaka 21.

Dada yangu yuko Toronto, anataka kuniletea kidogo kwa kuwa kule ni halali. Kuna shida? (Msomaji, Sinza)

Ipo, tena inaanzia kulekule. Canada yenyewe inakataza kuvuka nayo mpaka, hata ukiwa na risiti ya dukani. Mwambie akuletee viatu.