Asumini haichemshwi: jibu kwa aliyeuliza namna ya kusafisha mafuta ya maua

Mkuu, umesema ulichemsha asumini mbichi kwa saa tatu kwenye sufuria ya presha iliyofungwa bomba la mpira la kutolea mvuke, ukapata maji yanayonuka kama majani yaliyochemka na juu yake utando mwembamba wa mafuta. Sasa unauliza uyasafishe kwa kemikali gani, na kama ununue heksani, kile kiyeyushi cha jamii ya petroli. Kazi hii naifanya nyumbani mwaka wa sita sasa, na kosa hilohilo nililifanya mwaka wa kwanza, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu. Hapo hakuna cha kusafisha. Harufu ya asumini haikuchafuka, ilifia jikoni.

Tuanze na mvuke wenyewe. Viambata vinavyonukia kwenye maua vingi huchemka kwenye joto kubwa kuliko maji. Linaloli ya kwenye lavenda, kwa mfano, huchemka karibu na nyuzi 198 za Selsiasi. Lakini mafuta na maji yasiyochanganyikana yakipashwa moto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake, kanieneo zao (nguvu ya msukumo wa mivuke hiyo) hujumlishwa, na vyote viwili huanza kutoka kabla hata ya nyuzi 100. Ndiyo maana mvuke huweza kuyabeba mafuta bila kuyaunguza. Lavenda huistahimili safari hiyo, langilangi pia, na waridi ukiwa mwangalifu. Asumini haiwezi. Tena ina tabia moja ambayo maua mengi hayana: ukishalichuma, ua huendelea kutengeneza harufu kwa saa nyingi. Ukilitia kwenye mvuke unalikatiza palepale, unaambulia kile tu kilichokuwamo dakika ile, nacho kimeshaharibika.

Kwa lavenda au langilangi, mtambo wako utafaa ukirekebisha mambo mawili. Mpira uutoe kabisa. Mafuta haya hula mpira na plastiki kidogokidogo, na naamini sehemu ya harufu unayoilalamikia imetoka humo. Weka bomba la shaba au la chuma cha pua, ulizungushe ndani ya ndoo ya maji baridi. Halafu maua yasiguse maji. Yakae juu ya wavu, maji yachemke chini yake. Lavenda ikizama, kile kiambata chake kitamu, linalili asetati, huanza kuvunjika kuwa linaloli na asidi ya siki, na utaisikia puani.

Usiyashindilie maua. Mwaka wa pili nilijaza langilangi hadi kwenye kifuniko, petali moja ikaziba tundu la mvuke, na kilichoniokoa ni vali ya usalama iliyofyatuka ikarusha maji ya moto hadi darini. Tangu siku ile siachi jiko peke yake, na kabla ya kuwasha napuliza bomba kwa mdomo nihakikishe linapitisha hewa.

Kuhusu waridi nikwambie ukweli mapema usije ukavunjika moyo: kilo moja ya mafuta yake huhitaji kati ya kilo 3,000 na 5,000 za petali. Mimi nilikeneka (yaani nilipitisha mvuke kisha nikaupoza) kilo 2, nikachuma alfajiri kabla jua halijapanda, na kilichoelea ni vitone vichache visivyotosha kulowesha ncha ya kidole. Sehemu kubwa ya harufu ya waridi huyeyuka kwenye maji na kubaki humo. Kwa hiyo nyumbani vuna maji ya waridi, uyafurahie kwa hayo, na vile vitone uvichukulie kama nyongeza.

Kusafisha mafuta yaliyokenekwa vizuri ni kazi ya subira kuliko kemikali. Mimi huacha kilichokusanywa kitulie usiku kucha kwenye chupa nyembamba ndefu. Mafuta ya maua haya huelea. Yakikataa kujitenga, ongeza chumvi kwenye maji uikoroge taratibu hadi iyeyuke, maji yatakuwa mazito na kuyasukuma mafuta juu. Yavute kwa bomba la sindano la kioo, au tumia faneli yenye koki ufungue maji yatoke chini. Ukungu uliobaki ndani ya mafuta ni maji: weka chupa kwenye friza, maji yagande, kisha mimina mafuta ukiacha barafu nyuma. Njia hii usiijaribu kwa waridi, maana mafuta yake yenyewe huanza kuganda kwenye nyuzi 20 hivi. Mwenye salfeti ya sodiamu kavu anaweza kutia chembe chache, zikanyonya unyevu, kisha akachuja. Harufu ya jiko usiihangaikie. Mafuta mapya karibu yote hutoka nayo. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa siku mbili tatu, na rudi kuyanusa baada ya wiki kadhaa.

Sasa asumini yako, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Inavunwa kwa mafuta baridi. Chukua mafuta magumu yasiyo na harufu kabisa, ya nazi yaliyosafishwa au siagi ya shea iliyotolewa harufu, uyapake kwenye sahani pana ya kioo unene wa nusu sentimita, uyachore mistari kwa uma ili eneo la kugusana liongezeke. Ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, kwa hiyo chumba kikiwa na joto tumia shea. Maua uyachume jioni yanapoanza kufunguka, yakiwa makavu. Nasisitiza makavu. Sahani yangu ya kwanza niliipanga maua yenye umande, na siku ya tatu nikakuta madoa ya kijivu yenye manyoya, niliitupa yote. Panga ua mojamoja kifudifudi, funika kwa sahani ya pili, acha saa 24. Kesho yake ondoa kila ua kwa kibano, hata vile vikonyo vya kahawia vilivyonasa, uweke mapya. Mimi nilirudia mara 26. Siku ya nne unaanza kujiuliza kama unapoteza muda, kisha asubuhi moja unainua kioo na ua liko pale, zima, na harufu ile ya usiku, ambayo sufuria haikuwahi kunipa hata mara moja.

Baada ya hapo mafuta hayo tayari yanatumika kama manukato ya kupaka. Ukitaka kuitoa harufu, yakwangue, yatie kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 95, utikise kila siku kwa wiki mbili, kisha uweke friza. Mafuta yatashika chini, alkoholi iliyobeba harufu uimimine na kuichuja. Iwe ethanoli safi. Spiriti ya kuwashia ina methanoli mara nyingi, nayo ni sumu hata ikipita kwenye ngozi. Mimi huishia hapo, naiacha ikiwa kwenye alkoholi. Anayetaka kuipunguza aiache wazi kwenye sahani pana, mbali na moto, bila kuipasha.

Heksani ni kweli viwanda huitumia kwa asumini, vikiwa na mitambo iliyofungwa ya kuirudisha yote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukute moto wa jiko lililo chumba cha pili, na huwaka hata ikiwa baridi kuliko barafu. Usiiingize nyumbani. Nakuomba kabisa.

Ukishapata mafuta yako, yaweke kwenye chupa nyeusi ndogo iliyojaa hadi shingoni, kwa sababu hewa huyageuza na yaliyogeuka huwasha ngozi. Yaliyokenekwa usiyapake yakiwa matupu: tone moja kwenye kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kawaida linatosha, jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima. Na huo utando uliopata kwenye maji yako ya asumini usimpake mtu yeyote, maana umepita kwenye mpira wa moto kwa saa tatu. Umwage.