Wali wa mchele wa kahawia: chini ukoko, juu kiini

SWALI: Napika mchele usiokobolewa kama ule mweupe, maji vikombe viwili kwa kikombe kimoja. Chini unaungua, juu una kiini. Nakosea wapi?

JIBU: Moto na muda, dada. Mchele huo bado una ngozi yake ya pumba, na maji huipenya polepole. Ukiupa moto mkali, maji yanakauka kabla punje haijaiva ndani.

Uloweke saa moja, uchuje. Kikombe kimoja kitie maji vikombe viwili na robo, kwenye sufuria nzito. Ukichemka, funika, punguza moto kabisa, dakika 40. Epua, usifunue kwa dakika 10: mvuke ndio unaomalizia kiini.

Kwa jiko la mkaa tunapendelea njia nyingine: chemsha kwenye maji vikombe sita kwa dakika 30, mwaga maji, funika, palia makaa juu ya mfuniko dakika 10. Punje zinaachana vizuri.

Wa nazi? Pikia tui jepesi. Tui zito litie mwishoni, maana likikaa motoni dakika 40 litashika chini.