Ile picha ya okestra nilikuwa kazini

Ndugu zangu, maneno yenu yamenifika. Mmeona picha nimekaa kwenye onyesho la okestra, lile kundi la wapiga violini na vyombo vingine, koti limenikaa, mkaamua nina hela za kuchezea huku ada za watoto zinasubiri. Imeniuma sana. Pale nilikuwa kazini. Mzee ninayemhudumia, ambaye namwogesha na kumbadilisha nepi, anapenda muziki huo na hawezi kwenda peke yake. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, baridi inakata masikio, hadi kanisani. Mji mdogo huu hauna ukumbi. Watu walimsalimia yeye, mimi macho yakanipita.

Lakini muziki wenyewe, jamani! Hakuna spika wala maikrofoni. Obo, chombo cha kupuliza kama zumari, inatoa sauti moja, wengine wote wanalinganisha vyombo vyao nayo. Hapakuwa na mwongozaji mbele yao. Mpiga violini wa kwanza alivuta pumzi, akatikisa kichwa, wote wakaanza kwa pamoja.

Wakapiga simfonia, yaani utunzi mrefu wa okestra, namba 45 ya mtunzi Haydn, ya mwaka 1772. Haydn alikuwa mwajiriwa wa mwanamfalme Nikolaus Esterházy, aliyewaweka wanamuziki kwenye kasri lake la kiangazi kupita muda waliouzoea, wengi wao wake zao wako mbali. Basi Haydn akaliingiza ombi lao la kurudi nyumbani ndani ya muziki. Mwishoni kila mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa, anatoka, mpaka zinabaki violini mbili tu. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme alielewa, na kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Na mnaniuliza narudi lini! Kibali changu hakijatoka. Nikitoka bila hicho, kuingia tena sina uhakika, na hela mnayopokea ndiyo imekwisha. Nilikaza macho nisilie mbele ya mzee.

Wewe mdogo wangu unayehangaikia viza, usije. Kazi ya kunawisha watu wazima utaifanya na shahada yako mfukoni. Ila kama imeshatoka, njoo, mdogo wangu, nitakupokea. Na ukifika usijifungie chumbani kuhesabu hela, nenda ukasikilize hao watu, kaa hata kiti cha nyuma. Usipige makofi muziki ukinyamaza katikati, subiri wenyeji waanze.

Ada nitatuma mwisho wa mwezi, kama kawaida. Koti nililiazima, nimeshalirudisha.